Kamba ya Familia

Danson Amugune alifika Saudia kwa kosa ambalo wenzake wakilikumbuka hadi leo hucheka mpaka washike mbavu. Mkewe, Selipher, alikuwa ametangulia. Alipata kazi ya kulea mtoto katika nyumba moja ya Riyadh. Danson wakati huo alikuwa dereva wa trekta la miwa kule Mumias. Alipopata kandarasi ya kuendesha gari la familia moja ya Jeddah, alimuuliza wakala swali moja tu: "Huko Jeddah na Riyadh ni mbali?"

"Ni Saudia hiyo hiyo," wakala akamjibu bila kuinua uso.

Danson akatia sahihi. Kichwani mwake ilikuwa kama Mumias na Kakamega: mtu anatoka kazini jioni, anapanda gari, na chakula cha usiku anakila kwa mkewe. Alipofika Jeddah akafungua ramani kwenye simu na kuona kwamba kati yake na Selipher kulikuwa na mwendo wa kutwa nzima, tena kwa dereva asiyesimama kunywa chai, na karibu safari yote ni jangwa. Akaketi kitandani akacheka peke yake. Halafu kicheko kikamwishia.

Ilikuwa sasa mwaka wa nne na hawajaonana. Msimlaumu mtu. Selipher alipopewa likizo ya kwenda nyumbani, Danson alikuwa bado mgeni kazini. Danson alipopata yake, ikawa ni mwezi wa Ramadhani, na madam wa Selipher hangeweza kukosa msaidizi mwezi huo hata kwa dawa. Binti yao Shirleen, aliyeachwa kwa nyanya yake huko Chavakali, alikuwa amezoea kupokea mzazi mmoja mmoja uwanja wa ndege. Siku moja alimuuliza baba yake kwenye simu, "Kwani wewe na mama mnapeana zamu?" Danson alijibu kwa mzaha, lakini swali hilo lilimkaa rohoni kwa wiki nzima.

Vinginevyo maisha yake hayakuwa mabaya, na yeye mwenyewe hakupenda watu wanaolalamika. Alikuwa na chumba chake kando ya gereji katika mtaa wa Al-Safa, chenye kiyoyozi kilichofanya kazi na dirisha lililotazama mti wa mkunazi. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa mzee mpole mwenye goti bovu, mtu wa kulipa mshahara kwa wakati na kusema asante. Danson alimwita baba, kama wanavyoitwa mabosi huko. Kila asubuhi alimpeleka shule binti wa nyumba hiyo, Jood, msichana wa miaka kumi na mitano aliyependa mambo ya Kijapani kuliko chakula. Alianza kwa katuni zao, akaingia kwenye nyimbo, na sasa alikuwa amejifundisha lugha yao mwenyewe, akiizungumza kwenye kiti cha nyuma mpaka Danson naye akajua kusema "habari ya asubuhi" kwa Kijapani, jambo ambalo hakuwahi kulitarajia maishani.

Ni Jood aliyeleta habari. Mwezi wa kwanza, wakati wa baridi, kungekuwa na tamasha la Wajapani katika bustani moja kaskazini mwa Riyadh, na baba alikuwa ameahidi kumpeleka kwa sababu alifaulu mitihani. Wangekwenda kwa gari, kwa kuwa madam, mke wa baba, alitaka kumtembelea dada yake huko na hapendi kuendeshwa na dereva wa watu.

Danson alikuwa ameshika usukani. Akaipita kona ya shule bila kuiona.

Jioni ile alimpigia Selipher. "Mama Shirleen, keti chini kwanza."

"Nimeketi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nakuja Riyadh."

Kama kawaida yake, jibu likaja limechelewa. Selipher alikuwa hivyo tangu walipojuana. Kanisani kwao kila mtu alimjua: mchungaji husema, kanisa zima huitikia amina, wanaketi, na ndipo sauti moja nyembamba husikika kutoka benchi la nyuma, "Amina." Watoto walikuwa wakiisubiri ili wacheke. "Baba Shirleen," alisema sasa, "kama ni mzaha wako, tutakosana."

Haukuwa mzaha, lakini kulikuwa na kazi. Selipher hakuwa na siku ya kutoka peke yake kwenda mjini, na Danson angekuwa chini ya amri ya baba mchana kutwa. Mahali pekee pa kukutana palikuwa hapo hapo kwenye tamasha, na Selipher angefika tu kama madam wake angetaka kufika. Basi Danson akamtumia picha ya tangazo: mnara wa mbao wenye paa la dhahabu, taa za karatasi zikining'inia kama maboga, mapazia mekundu, na juu kabisa watu wameketi wakipiga filimbi. Chini ya picha palijaa vichwa vya watu tu. Selipher hakumwomba madam chochote. Alimwonyesha mtoto. Lulwa alikuwa na miaka minne, na nyumbani kwao neno lake lilikuwa sheria. Alionyeshwa ile nyumba ya dhahabu asubuhi, akaonyeshwa adhuhuri, akasimuliwa hadithi yake kabla ya kulala, na siku ya tatu akaanza kuililia. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema wahenga, na madam hakuwa na haja ya kufundishwa methali hiyo. Tiketi zikanunuliwa.

"Lakini sikia," Selipher alisema. "Tukitoka na mtoto, simu yangu inabaki garini. Hiyo ndiyo sheria ya madam. Utanipataje?"

Danson akatazama ile picha. "Tukutane chini ya hiyo nyumba ya dhahabu. Baada ya asri. Nyumba kubwa hivyo haiwezi kupotea."

Haya ndiyo maneno yaliyokuja kumtesa baadaye.

Safari ilikuwa njema. Walipanda milima ya Taif alfajiri, wakakata jangwa, baba akisinzia mbele na madam akigawa tende nyuma. Danson aliendesha akiimba kimoyomoyo. Alikuwa amenyoa, na ndani ya begi alikuwa na shati jeupe aliloliweka tangu Krismasi. Siku ya pili, mchana, aliwashusha kwenye lango la bustani na kuanza kugeuza gari kuelekea maegesho. Kazi ya dereva ni kungoja garini; alikuwa amejua hivyo tangu mwanzo, na tangu mwanzo alikuwa akipanga uongo wa kuombea ruhusa. Alifikiria tumbo. Alifikiria kwenda choo. Mungu akamwepushia dhambi hiyo, kwa sababu baba alipiga hatua tatu, akashika goti, akaguna.

"Danson, egesha kisha uingie na Jood badala yangu. Usimwache. Mimi na madam tutakunywa kahawa hapa. Magharibi ikiadhiniwa, muwe mmerudi, twende kwa shemeji."

"Sawa, baba," alisema Danson, na kwa shida akajizuia kumbusu goti.

Langoni kijana mwenye fulana ya tamasha alimuuliza kwa Kiarabu, "Familia au peke yako?" kwa sababu bangili za karatasi zilikuwa za rangi mbili. Jood alikuwa ametangulia, tayari anapiga picha. Danson akajibu alivyozoea kujibu katika nchi hii, "Peke yangu," akafungwa bangili ya kijivu.

Ndani palikuwa na mtaa mrefu uliotengenezwa kufanana na mtaa wa Japani, wenye vibanda pande zote mbili. Kibanda kimoja walikaanga vitumbua vya pweza, na Danson alisimama akavitazama kwa heshima, maana kitumbua alikijua na pweza alikuwa amemwona Jeddah, ila hakuwahi kudhani wataoana. Lakini macho yake hayakutulia hapo. Kule mbele, juu ya vichwa vya watu, aliliona paa la dhahabu. Liliwaka kwa jua la alasiri. Moyo wake ukatulia. Nyumba ipo, akajiambia, imesimama, haina haraka.

Jood alitaka kwanza kuvaa nguo za Kijapani. Foleni ya hema hilo ilikuwa ya watu wavumilivu sana. Danson alisimama nje, ameambiwa asimwache, hakumwacha, huku muda ukimpita. Asri ikaswaliwa. Jood akatoka amefungwa mkanda mpana kiunoni juu ya abaya yake, akazunguka mara mbili ili asifiwe, akasifiwa. Ndipo Danson akainua macho kutazama nyumba yake.

Haikuwepo.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Vichwa vilikuwepo, vibanda vilikuwepo, mbingu ilikuwepo. Alimshika Jood mkono wa nguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia, "Twende kule," na wakaenda karibu kwa kukimbia mpaka mahali ambapo, kwa macho yake mwenyewe, ile nyumba ilikuwa imesimama. Palikuwa na uwanja mtupu. Wanawake wawili walikuwa wamekalia ukingo wa njia wakila vitumbua vya pweza. Selipher hakuwa mmoja wao.

Danson aliishiwa nguvu. Miaka yote hiyo, jangwa lote lile, na sasa nyumba imebomolewa kabla hajafika. Alijiona mjinga wa wajinga. Mtu aliyedhani Jeddah na Riyadh ni Mumias na Kakamega, angeshindwaje kukosea tena?

"Danson, unalia?" Jood akamuuliza.

"Mafi," alisema Danson, yaani hakuna kitu, na akapangusa macho.

Msichana akamtazama kwa makini. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Jood alikuwa ametazama katuni za kutosha kuujua ugonjwa huo hata kwa dereva wa makamo. Danson akamweleza yote: mkewe, miaka, picha, nyumba ya dhahabu, simu iliyobaki garini. Alieleza kwa Kiarabu chake cha gereji, kilichokuwa na maneno mengi ya breki na machache ya moyo, lakini kilieleweka. Jood aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Miaka! Na hukutuambia?" Kisha akaanza kucheka, na Danson hakuelewa anachekwa kwa nini. "Danson, ile si nyumba. Ni gari."

"Gari?"

"Gari la sherehe. Lina magurudumu. Kwao kila hekalu lina lake. Linatoka mara moja kwa mwaka, watu wanalivuta kwa kamba mitaa yote ili mungu wao autembelee mji. Huku wameleta gari tu. Mwenyewe wamemwacha Japani."

Danson, mtu wa kanisa, alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi aliposikia habari za hekalu, lakini hilo la mwisho alilielewa vizuri. Ni gari la bosi bila bosi. Hata yeye huliendesha hivyo kila siku akilipeleka kuoshwa. Akainama akatazama chini, na kweli, mchangani palikuwa na alama mbili pana za magurudumu, zimenyooka kuelekea mwisho wa mtaa. Waswahili walisema milima haikutani, binadamu hukutana; hawakusema lolote kuhusu nyumba zinazotembea. "Yalla," akasema Jood, na safari hii ni yeye aliyemshika Danson mkono wa nguo.

Walilikuta gari likisonga polepole katikati ya umati. Lilikuwa refu kuliko ghorofa mbili, na magurudumu yake ya mbao yalimfika Danson kifuani. Mbele yake zilinyooshwa kamba mbili nene, na kila kamba ilikuwa na watu wengi sana wakivuta kwa pamoja, wakiitikia sauti ya mtu aliyesimama juu ya gari na upepeo mkononi. Waandaaji walikuwa wamefikiria desturi za wenyeji. Kamba ya kulia ilikuwa ya wanaume waliokuja peke yao, bangili za kijivu. Ya kushoto ilikuwa ya familia, bangili nyekundu: akina mama, watoto, baba zao. Katikati ya kamba hizo walipita wazee wa Kijapani wenye filimbi, na hakuna aliyeruhusiwa kukatiza, maana gari likikosa kusimama halimjui mtu.

Jood akaingia kamba ya kushoto. Danson akaonyeshwa ya kulia. Wote wawili wakavishwa koti fupi la buluu lenye maandishi mgongoni, na hapo ndipo Danson alipoiona shida mpya. Kila mtu alikuwa na koti la buluu. Kule upande wa familia kulikuwa na abaya nyeusi juu ya abaya nyeusi, mitandio, barakoa, na juu ya zote makoti ya buluu. Selipher, kama alikuwepo, alikuwa mmoja wa hao. Kama hakuwepo, alikuwa amesharudi garini akidhani mumewe hakuja.

Akavuta. Angefanya nini kingine? Alivuta akikodoa macho upande wa kushoto hata akamkanyaga aliye mbele yake. Asingeweza kupaza sauti amwite mkewe kwa jina mbele ya watu wa nyumba zao wote wawili. Hakujua madam wa Selipher yuko wapi, wala angesema nini akisikia. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo. Magharibi haikuwa mbali.

Wakafika kwenye kona. Filimbi zikalia, gari likasimama, na wazee wa kamba wakaanza kutandika mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu ya mbele na kuimwagia maji kwa ndoo. Magurudumu yale hayakuwa na namna ya kukunja. Danson, aliyekunja trela la miwa kwenye kona za Mumias miaka mingi, alisimama akiwaza kwamba wanakosea, kwamba wangeliinua kwa nyuma kwanza. Aliyekosea ni yeye. Walichofanya ni kuhamisha kamba zote mbili upande mmoja, ili gari livutwe kwa ubavu na kuteleza juu ya mianzi. Kwa hiyo wanaume wa kijivu na familia nyekundu wakajikuta wamesimama wamechanganyika, kamba na kamba zimekaribiana, watu bega kwa bega wakiulizana wafanye nini.

Mtu wa juu akainua upepeo. Wakavuta. Gari halikutikisika. Wakavuta tena, kila mtu kwa wakati wake, likalia kama kitanda cha zamani na kukaa pale pale. Watu wakaanza kucheka kwa kuchoka. Ndipo Danson, kamba mkononi na mzigo mzito mbele yake, akafanya kile ambacho Mkenya yeyote akikuta mzigo na kamba hukifanya bila kufikiri. Alivuta pumzi akapaza sauti.

"Haraaambee!"

"Heee!"

Hakutarajia jibu, na lililokuja lilimshtua. Lilitoka kwa mlinzi aliyesimama kwenye kizuizi, lilitoka kwa muuza vitumbua wa kibanda cha karibu, lilitoka kwa wanawake watatu wanne ndani ya abaya ambao hakuna mtu angewadhania. Riyadh nzima, ilielekea, ilikuwa imejaa watu wa nyumbani waliokuwa wakingoja kuitwa. Wasaudi wakacheka. Wajapani wakageuka. Na baada ya wote kunyamaza, baada ya kicheko kupoa, sauti moja nyembamba ikaitikia kutoka nyuma yake upande wa kushoto, imechelewa.

"Hee."

Danson aliijua. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Akaita tena, "Haraaambee!" Safari hii kamba zote mbili zikaitikia, Wasaudi kwa Wafilipino kwa Wajapani, wakavuta mara moja, na ile nyumba ya dhahabu ikateleza juu ya mianzi iliyolowa, taa zake zote zikicheza, ikageuka kona. Watu wakashangilia. Chini ya mashangilio hayo akaisikia tena, ya mwisho kabisa, karibu sana sasa.

"Hee. Baba Shirleen."

Alikuwa hapo. Alikuwa amemshika mtoto mkono mmoja na kamba mkono wa pili, barakoa imeshuka kidevuni, macho yamejaa. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na nyusi zilikuwa zile zile. Hawakukumbatiana. Hapakuwa mahali pake, na Lulwa alikuwa akiwatazama kwa jicho kali.

"Umechelewa," Selipher alisema.

"Nyumba ilihama."

"Niliiona ikihama. Nikasema, amesema chini ya nyumba. Ikienda, nami nakwenda nayo. Nimeivuta tangu mwanzo, Baba Shirleen. Mikono yangu imeisha."

Danson alicheka huku machozi yakimdondoka, wala hakuyapangusa. Furaha ilimjaa mpaka hakujua aiweke wapi.

Lakini filimbi zikalia tena. Gari lilikuwa limenyooka, na sasa kamba zilirudishwa kila moja upande wake. Mzee mmoja wa Kijapani, mfupi, mwenye kitambaa kichwani, akapita akiwapanga watu kwa kutazama bangili. Kijivu kulia. Nyekundu kushoto. Akafika kwa Danson, akaona bangili ya kijivu, akamwonyesha kwa adabu upande wa kulia. Danson akaishika kamba kwa nguvu zaidi. Katika nchi hii alikuwa amezoea kutii kila mtu anayeonyesha kidole, na miguu yake ilishaanza kutii, ila mikono ilikataa.

Jood akaja mbio, mkanda wake mpana umelegea, akamwinamia mzee na kusema maneno mengi ya Kijapani. Danson hakuelewa hata moja. Alimwona mzee akimsikiliza, akimtazama yeye, akimtazama Selipher, akimtazama tena msichana. Kisha mzee akauliza kitu kifupi, na Jood akamgeukia Danson na kumtafsiria swali lile lile la langoni.

"Anauliza: peke yako au familia?"

Danson alifungua mdomo, na jibu la zamani lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Familia," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamsogeza kwa bega mpaka akasimama sawasawa kando ya Selipher, na akaendelea na kazi yake.

Wakavuta. Mtaa uliobaki haukuwa mrefu, na gari halikuwa na haraka. Walizungumza macho yakiwa mbele. Selipher alisema Shirleen ameng'oka jino la pili, Danson akasema anajua, aliambiwa juzi. Danson alisema amenunua bati la kuezekea jiko, Selipher akasema anajua, mama alimpigia. Yote waliyoambiana walikuwa wameshaambiana kwenye simu, na yote yalikuwa mapya. Danson aliona kidole cha pete cha mkewe kimeungua kidogo, labda kwa mafuta. Alimuuliza. Akaambiwa ni pasi. Alisikia harufu ya sabuni yake, ile ile ya nyumbani, aliyokuwa akitumiwa na dada yake. Jood alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yao akiwapiga picha, na simu yake ilipolia na baba akauliza mko wapi, alijibu, "Tuko na gari, Danson ananisaidia," jambo ambalo halikuwa uongo.

"Shirleen atatuona katika picha moja," alisema Selipher.

"Atauliza zamu ni ya nani."

Selipher akacheka, amechelewa.

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa karibu, kisha kutoka wa mbali. Mtu wa juu akashusha upepeo. Filimbi ya mwisho ikalia, gari likasimama mahali pake, na watu wote wakaachia kamba. Wakapiga makofi, wakavua makoti ya buluu, wakaitana kwa majina, wakaanza kutawanyika. Kwenye ncha ya mtaa baba alikuwa anasubiri na goti lake. Mahali fulani, kwenye hema la chai, madam wa Riyadh alikuwa ananyanyuka kumtafuta mtoto wake.

Wale wawili hawakuachia. Walisimama wameishika ile kamba kwa mikono yote minne, haijashikwa na mtu mwingine mbele wala nyuma, na Lulwa akiwa ameikalia katikati yao kama bembea.

Yule mzee mfupi alianza kuikunja kamba kutoka mwisho. Aliikunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, akisogea hatua kwa hatua, mpaka akafika miguuni pao. Akasimama. Jood akafungua mdomo ili aeleze tena, lakini mzee akainua kiganja kumzuia. Akawatazama wale wawili. Kisha akauweka chini mzigo wa kamba aliokuwa ameshaukunja, taratibu, karibu na viatu vya Danson, akavuka upande wa pili, akainama, akaanza kukunja kamba ya kulia.

Kamba hiyo ilikuwa ndefu.